Jambiani: Mwongozo wa Msafiri wa Pwani ya Kusini Mashariki, Unguja

Jambiani ni kijiji kirefu chembamba katika pwani ya kusini mashariki ya Unguja, kati ya Paje upande wa kaskazini na Makunduchi upande wa kusini. Kipo kiasi cha kilomita 55 kutoka Mji wa Zanzibar kwa barabara, ndani ya Wilaya ya Kusini. Nyumba zake zimeandamana na ufukwe kwa kilomita kadhaa, na mtu anayetembea kwa miguu hupita Kibigija, Kikadini, Mfumbwi na mitaa mingine bila kuona mpaka wowote. Nyuma ya nyumba kuna ardhi ya maweni, yaani jiwe la matumbawe lenye udongo haba, ambamo mhogo na mpapai hupandwa kwenye mianya. Mbele kuna maji ya kina kifupi yaliyokingwa na mwamba, na mwamba wenyewe uko mbali, unajulikana kwa mstari mweupe wa mawimbi. Ardhi ikiwa bahili kiasi hicho, wenyeji waliitegemea bahari muda mrefu kabla ya mgeni wa kwanza kutandika taulo mchangani.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba ufukwe huu haufanani na ule wa Kendwa au wa upande wa magharibi wa Nungwi, kaskazini ya kisiwa, ambako maji hayaendi mbali na mtu anaweza kuogelea karibu saa yoyote. Jambiani maji hukimbia. Msafiri asiyejua hilo huamka asubuhi akakuta bahari imehama, mashua zimelala ubavu kwenye mchanga, na akadhani hoteli imemtapeli. Picha hazikusema uongo; zilipigwa maji yakiwa yamejaa. Karibu kila lalamiko linalosikika kuhusu pwani hii linatokana na watu waliopanga siku zao kwa saa ya ukutani peke yake.

Maji kujaa na kupwa

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku moja. Kutoka kujaa hadi kupwa hupita saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Katika siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua: maji hupanda hadi kwenye kingo za bustani za hoteli, kisha hushuka hadi sehemu kubwa ya chini ya bahari ikabaki wazi. Tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na kupwa wakati huo inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana.

Asiye na jedwali la maji anaweza kukadiria kwa mwezi. Katika bamvua, pwani za Unguja hujaa mnamo saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na hupwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Wiki moja baadaye, katika maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa 4 asubuhi na hupwa karibu na saa 10 alasiri. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani inatosha kwa hesabu hiyo. Tarehe 1 hadi 4 na 14 hadi 17 za mwezi kwa kawaida ni siku za bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni za maji mafu. Kwa siku zilizo katikati, msafiri huongeza dakika 50 kwa kila siku iliyopita. Makadirio haya yanaweza kukosea kwa nusu saa au hata saa nzima, hivyo yanafaa kwa kupanga siku ya kupumzika. Kwa safari ya chombo, nahodha ndiye wa kuulizwa.

Kutokana na hesabu hiyo, anayependa kuogelea alasiri na kutembea mchangani asubuhi achague siku za bamvua. Familia yenye watoto wadogo hufaidika zaidi na maji mafu, kwa sababu maji hubaki karibu na kina hakibadiliki kwa kasi. Anayekuja kwa siku mbili tu za mwisho wa wiki afungue kalenda ya mwezi kabla ya kulipia chumba. Tofauti kati ya wiki moja na nyingine ni kubwa kuliko tofauti kati ya hoteli moja na jirani yake.

Maji yakipwa, mtu anaweza kutembea mbali sana kuelekea mwambani, na hapo ndipo penye hatari ambayo wageni huidharau. Maji yanaporudi huanza kuingia kwenye mikondo na mabonde yaliyo nyuma ya mtembezi, hivyo anayetazama mwamba mbele yake anaweza kukuta njia ya kurudia imeshakuwa kiunoni. Safari ya mwambani inafaa ifanywe pamoja na mwenyeji, ianze maji yakiwa bado yanapwa, na igeuzwe mara tu yanapoanza kujaa. Viatu vya mpira vinavyofungwa ni vya lazima, kwani kwenye majani ya bahari na mawe kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni, na ndala hung'oka kwenye tope. Nje ya mwamba ni bahari kuu, na si mahali pa kuogelea bila chombo.

Ufukwe wa kazi

Bahari inapopwa ndipo kijiji kinapoingia kazini. Ufukwe ambao mgeni anaona umekauka, kwa mwenyeji ndio kwanza umefunguliwa, na msafiri akilielewa hilo hataona asubuhi ya bamvua kuwa ni siku iliyopotea.

Kazi inayoonekana zaidi ni ya mwani. Kilimo cha mwani cha kibiashara Zanzibar kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na tangu mwanzo wakulima wengi wamekuwa wanawake. Vigingi hupigwa mchangani, kamba huvutwa kati yake, na vipande vya mwani hufungwa kimoja kimoja kwa vijikamba. Baada ya takriban wiki sita mwani huvunwa, huanikwa juani na kuuzwa kwa wafanyabiashara wanaousafirisha nje. Kutoka kwenye mwani hutolewa karajini, kitu cha kugandisha kinachotiwa kwenye dawa ya meno, vipodozi na vyakula vya viwandani. Zipo aina mbili kuu. Kotonii ina bei nzuri, lakini imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyozidi kupata joto. Spinosamu hustahimili zaidi na hulipa kidogo. Kwa sababu hiyo wapo waliouacha mwani, na wapo walioanza kusaga unga wake na kutengeneza sabuni, ambayo ni zawadi ya maana kuliko vinyago vinavyouzwa pwani nzima.

Mashamba ya mwani hayana uzio, na kamba zikifunikwa na maji ya magotini hazionekani vizuri. Mtembezi apite kwenye njia za mchanga zilizo wazi kati ya viwanja. Akitaka kuona kazi yenyewe, aombe kupelekwa na mkulima kwa malipo yaliyokubaliwa mapema, badala ya kusimama pembeni na kamera. Mwanamke aliyeinama majini na kanga imeroa hapendi kupigwa picha na mtu asiyemjua, kama ambavyo asingependa mwanamke wa Dar es Salaam au Nairobi akiwa jikoni kwake.

Katika maji ya ndani ya mwamba hulimwa pia sifongo, ile spanji ya asili ya kuogea, ambayo hukuzwa juu ya kamba zilizoning'inizwa majini. Kazi hiyo ililetwa Jambiani ili iwe njia nyingine ya kipato kwa wanawake wakati mwani ulipoyumba, na mashamba yake hutembelewa pamoja na mwongozaji. Kando yake, wanawake na vijana hupita na vijiti wakichokoa pweza mashimoni. Marundo ya mawe yanayoonekana maji yakiwa nje, ambayo wageni wengi huyadhania kuwa takataka au makaburi, ni mahali palipofukiwa makumbi ya nazi. Makumbi huachwa humo miezi kadhaa yaoze, kisha hufukuliwa, hupondwa, na nyuzi zake husokotwa kuwa kamba. Mawe hayo yasiondolewe.

Wanaume wengi ni wavuvi wa ngalawa, chombo chembamba chenye mrengu kila upande na tanga moja. Hutoka na kurudi kufuatana na maji, na samaki wanaposhushwa kwenye diko hupigwa mnada palepale. Mgeni anayejipikia anaweza kununua hapo, ila afike mapema na awe na chenji. Mnada hauna subira na mtu anayeuliza bei ya samaki mmoja mmoja.

Upepo na majira

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Februari au mapema Machi, pamoja na joto. Kusi hushika kati ya Juni na Septemba, na huleta hewa ya ubaridi kidogo na bahari yenye nguvu nje ya mwamba. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo mvua kubwa: baadhi ya hoteli hufunga, bei hushuka, na barabara za ndani ya kijiji hugeuka madimbwi. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni nyepesi, mvua hupiga na kupita.

Misimu miwili ya upepo ndiyo inayowaleta wachezaji wa tiara, wanaoteleza juu ya maji kwa ubao wakivutwa na tiara kubwa. Makao yao makuu ni Paje, lakini hufika hadi Jambiani. Anayetaka kuogelea kwa utulivu katika miezi hiyo akae upande wa kusini wa kijiji. Kwa kupiga mbizi na kutazama matumbawe, siku bora ni za maleleji, wakati upepo mmoja umekwisha na mwingine haujaanza: maji huwa matulivu na meupe. Mwani mwitu huweza kutupwa ufukweni kwa wingi katika baadhi ya vipindi. Huo ni uchafu wa bahari yenyewe, na hakuna hoteli inayoweza kuutabiri au kuuzuia.

Kufika

Msafiri wa kutoka Dar es Salaam huvuka kwa boti ya abiria, kiasi cha saa mbili kwa boti za kasi, au kwa ndege hadi Uwanja wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume. Mtanzania awe na kitambulisho. Asiye Mtanzania awe na pasipoti, kwa kuwa uhamiaji hukagua bandarini hata kwa aliyekwisha gongewa muhuri bara. Tangu Oktoba 1, 2024, wageni wa kutoka nje ya Tanzania wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, iliyoanza kwa dola 44 za Marekani kwa mtu mzima. Kwa kuwa masharti ya namna hiyo hubadilishwa mara kwa mara, msafiri wa Kenya, Uganda au Kongo aulizie kiwango kinachomhusu kabla ya kuondoka nyumbani.

Kutoka mjini, daladala ya Jambiani hubeba namba 309. Hujaa abiria, magunia na mikungu ya ndizi, husimama kila kituo, na huchukua muda karibu mara mbili ya teksi, lakini nauli yake ni sehemu ndogo sana ya ile ya teksi. Magari hupungua jioni na huisha kabla ya usiku kuingia, kwa hiyo anayefika na boti ya jioni ahesabu teksi. Anayekodi gari au pikipiki na ana leseni ya nchi nyingine ahakikishe amepewa kibali cha kuendesha Zanzibar, maana barabara ya kusini ina vituo vya polisi.

Malazi, chakula na mahitaji

Malazi ni ya kila namna, kuanzia vyumba katika nyumba za wanakijiji hadi hoteli zenye mabwawa. Kabla ya kulipa, maswali yenye faida ni machache: je, nyumba iko ufukweni kweli au ng'ambo ya barabara, maji ya bafuni ni ya chumvi au matamu, kwani visima vingi vya maweni huwa na chumvi, na umeme ukikatika kuna jenereta? Uhaba wa maji matamu ni adha ya kudumu katika ukanda huu, na bwawa la hoteli linapojazwa, mferejini kwa jirani hujulikana. Mgeni anayeoga kwa kiasi huwa amesaidia zaidi ya anayetoa pipi kwa watoto njiani, jambo ambalo walimu na wazazi wa kijiji hawalipendi.

Kwenye migahawa midogo ya kijijini, wali wa nazi na mchuzi wa pweza, samaki wa kukaanga na mhogo wa nazi hupikwa kwa oda. Anayetaka kula saa 2 usiku aagize alasiri. Vitumbua, chapati na mkate wa kumimina hupatikana asubuhi kwa mama lishe na kwenye maduka, kwa bei ambayo mgahawa wa ufukweni hauwezi. Mwezi wa Ramadhani migahawa ya kijiji hufungwa mchana na kuchangamka baada ya futari. Hoteli huendelea kuhudumia wageni wao, na asiyefunga hula humo ndani, si njiani.

Fedha taslimu zichukuliwe mjini. Mawakala wa pesa za simu wapo kijijini, ingawa akiba yao huisha siku za sikukuu. Kwa ugonjwa mdogo kuna kituo cha afya, na kuna hospitali Makunduchi. Chandarua kitumike hata kama Zanzibar imepunguza sana malaria. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku.

Heshima na mazoea

Jambiani ni kijiji cha Kiislamu chenye misikiti na madrasa kila mtaa. Nguo za kuogelea mwisho wake ni mchangani. Anayevuka kwenda dukani ajifunike mabega hadi chini ya magoti, mwanamume na mwanamke. Mzee huamkiwa kwanza, kwa shikamoo au kwa salamu ya Kiislamu, ndipo bei au njia iulizwe. Msafiri anayezungumza Kiswahili ana faida kubwa ya bei na ya mazungumzo, lakini hana udhuru: mtalii wa Ulaya akipita bila kusalimu husemwa hajui, lakini anayejua Kiswahili husemwa hana adabu.

Vijana wanaofuata wageni ufukweni wakiuza safari huitwa papasi. Wengi si watu wabaya, na baadhi yao ni mabaharia wazuri. Kanuni ya kufanya nao kazi ni kuona chombo kwanza, kuuliza majaketi ya kuokolea, kukubaliana bei ya safari nzima pamoja na chakula, na kulipa sehemu kubwa baada ya kurudi. Asiyehitaji aseme "la, ahsante" mara moja kwa upole na aendelee na njia. Kombe, matumbawe na vitu vya gamba la kasa visinunuliwe. Biashara ya kasa ni kosa kisheria.

Mapango

Nyuma ya kijiji, ndani ya maweni, kuna mapango ambayo watalii wengi huyapita bila kujua. Pango la Kuza lina maji matamu ya baridi chini ya tundu la mwamba, na watu huingia kuogelea kwa kiingilio. Mafuta ya ngozi yaoshwe kabla, kwani maji yale hayana mkondo wa kuyasafisha upesi.

Pango la Kuumbi ni jambo zito zaidi. Wanaakiolojia, akiwemo Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichimba humo katika miaka ya 2000, na timu nyingine ikarudi mwaka 2012. Walipata zana za mawe na mifupa ya wanyama wasiokuwepo tena kisiwani, miongoni mwao punda milia na nyati. Watu walilitumia pango hili takriban miaka 20,000 iliyopita, wakati usawa wa bahari ulipokuwa chini sana na Unguja ikiwa imeungana na bara. Baadaye liliachwa kwa muda mrefu, kisha likakaliwa tena katika milenia ya kwanza ya baada ya Kristo. Huendewa na mwongozaji wa kijiji, kwa viatu vya kufunga na tochi. Baadhi ya mapango ya kusini ni mizimu, na wapo wanaopeleka ubani na nadhiri hadi leo. Kitu kilichowekwa humo kisiguswe wala kupigwa picha bila idhini ya mwongozaji.

Majirani

Kwa machweo, Jambiani haifai: inatazama mawio. Machweo ya baharini huonekana Michamvi Kae, upande wa pili wa rasi, unaoelekea Ghuba ya Chwaka. Njiani, Pingwe, kuna mgahawa uliojengwa juu ya jiwe baharini, ambao huendewa kwa miguu maji yakipwa na kwa mashua yakijaa. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kizimkazi pia ndiko zinakouzwa safari za kuwaona pomboo, na hapo tahadhari inahitajika: mashua kumi zikiwafukuza wanyama wachache hazitoi mandhari ya kupendeza, na nahodha anayekubali kuzima injini mbali na kundi ndiye wa kuchaguliwa.

Mwezi Julai Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi, kwa watu kupigana kwa magogo ya migomba, kuchoma kibanda cha makuti, na kula na kuimba siku kadhaa. Wageni hukaribishwa, na vyumba vya Jambiani hujaa mapema wiki hiyo.

Msitu wa Jozani, ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004, uko kwenye barabara ya kurudi mjini. Humo huishi kima punju, ambaye asili yake ni Unguja pekee. Ni kituo kizuri cha siku ya kuondoka kwa mwenye gari la kukodi. Anayetegemea daladala na ana boti ya mchana apande gari la alfajiri na aende moja kwa moja hadi mjini, kwa kuwa ukaguzi wa mizigo na vitambulisho bandarini hufungwa kabla ya boti kuondoka.